Fuata Maji Mpaka Kwenye Mashine: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Mitambo ya Maji ya Misheni za Ndanda na Nyangao

Kila siku mabasi ya Masasi, Tunduru na Songea hupita Nyangao na Ndanda. Abiria huona kanisa, hospitali na wanafunzi waliovaa sare, hununua korosho dirishani, kisha safari inaendelea. Ni wachache wanaojua kwamba misheni hizi mbili zilizoanzishwa na Wabenediktini, watawa wa Kanisa Katoliki, moja mkoani Lindi na nyingine mkoani Mtwara, zimo katika orodha ya mitambo midogo ya umeme wa maji ya Tanzania. Uwezo wake ni mdogo, haufiki hata kilowati mia. Lakini ndipo mtu wa Kusini anapoweza kusimama karibu na nyumbani akaona kwa macho yake jinsi mkono ulivyoanza kupumzishwa na maji.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mwalimu mwenye darasa la fizikia au historia, mzazi mwenye watoto wadadisi, vijana wa kikundi cha utalii wa ndani, na yeyote anayependa mitambo ya zamani. Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema, na yote yanayofuata yamesimama juu yake: anzia juu kwenye maji, mashine iwe ya mwisho. Anayeanza na mashine huona chuma chenye kutu. Anayeteremka pamoja na maji hukielewa chuma hicho kabla hajakifikia.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda kuona nini

Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Nyangao mwaka 1896. Agosti 1905 Vita vya Majimaji vilifika bonde la Lukuledi. Lukuledi na Nyangao zikachomwa moto, na Askofu Cassian Spiss akauawa njiani pamoja na wenzake. Mwaka uliofuata, 1906, misheni ya Ndanda ikaanzishwa, na mwaka 1931 ikapandishwa kuwa abasia, yaani nyumba kuu ya watawa chini ya abati. Hospitali, shule, kiwanda cha uchapaji na karakana vilikua kuizunguka. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso na Rais wa awamu ya tatu, alisoma Ndanda.

Ukitazama ardhi utaelewa kwa nini Ndanda. Uwanda wa Makonde ni tambarare iliyoinuka, ardhi yake mchanga na mawe laini yanayokunywa mvua. Huko juu hakuna mito. Maji huzama, hupita ndani kwa ndani, kisha hutokeza chini ya ukingo wa uwanda kama chemchemi. Akina mama wa juu, upande wa Newala, kwa vizazi vingi wameteremka bondeni kuchota na kupanda tena na mzigo kichwani. Ndanda imekaa chini ya ukingo huo upande wa bonde la Lukuledi, palepale maji yanapojitoa yenyewe. Hata maji ya chupa yanayouzwa kwa jina la Ndanda yanatukumbusha jambo hilo.

Misheni yenye shule ya bweni na hospitali inalisha watu wengi, na huwezi kuwalisha watu wengi bila unga. Inahitaji pia mbao zilizopasuliwa, maji ya bomba na taa. Ndiyo maana katika misheni za zamani maji yaleyale yalifanya kazi zaidi ya moja: kusukuma gurudumu au tabo (mashine ya chuma inayozungushwa na maji), na kwa mkanda kuzungusha kinu cha nafaka, msumeno au dainamo ya umeme. Ukienda, usitafute jengo lililoandikwa “kinu cha maji”. Tafuta njia ya maji, halafu uliza katika vipindi mbalimbali ilisukuma nini.

Hatua ya pili: chagua msimu

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri kwa mgeni wa kawaida. Chemchemi bado zina nguvu, njia za mlimani zimekauka na jua halijawa kali.

Darasa la fizikia mimi ningelipeleka Oktoba. Mtambo wa maji haupangwi kwa maji ya masika, unapangwa kwa maji yaliyobaki kiangazi kinapofikia mwisho. Mwanafunzi akiona mfereji ulivyopungua mwezi huo ataelewa kwa nini wajenzi walihangaika na kila lita. Tatizo la Oktoba ni kwamba minada ya korosho inaanza. Fedha inaingia vijijini, mabasi yanajaa na vyumba vya kulala wageni navyo vinajaa, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Hatua ya tatu: omba ruhusa kwa maandishi

Nawasihi sana msilipuuze jambo hili. Ndanda na Nyangao si makumbusho. Ni nyumba za watawa, zina hospitali zinazohudumia wagonjwa wa mikoa miwili, na mitambo iko chini ya mafundi wenye kazi zao. Kanuni ya watawa hawa, iliyoandikwa na Mtakatifu Benedikto karne ya 6, inataka mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Hilo lisikufanye uvamie.

Andika barua wiki mbili au tatu kabla. Kama unaleta shule, barua iwe na muhuri wa shule na saini ya mkuu wa shule. Inaweza kuwa fupi hivi:

“Yah: Maombi ya kutembelea chanzo cha maji na mitambo ya zamani. Sisi ni wanafunzi 30 na walimu 3 kutoka Mtwara. Tunaomba kufika siku ya Jumatano tarehe fulani, saa 3 asubuhi, ili kujifunza jinsi nguvu ya maji ilivyotumika katika misheni. Tunaomba fundi au bruda wa kutuongoza kadiri nafasi itakavyoruhusu, na tunaomba kuelekezwa mahali tunaporuhusiwa kupiga picha. Chakula na usafiri tunajigharamia.”

Hiyo sentensi ya mwisho isiachwe. Mwenyeji akijua hamtamlemea, atawapa muda wake kwa moyo mweupe. Taja pia kama kuna mtu asiyeweza kupanda mlima, ili apangiwe pa kuanzia.

Msifike Jumapili wala sikukuu ya Kanisa. Msifike karibu na saa 6 mchana pia, kwa maana watawa huwa kwenye sala na kisha chakula. Asubuhi saa 3 ni wakati mzuri.

Hatua ya nne: usafiri

Kutoka Mtwara mjini panda basi la asubuhi la Masasi. Njia inapita Mikindani, inaingia mkoa wa Lindi hadi njia panda ya Mnazi Mmoja, Mingoyo, kisha inakata kushoto kuelekea Mtama, Nyangao, Nanganga na Ndanda. Masasi iko mbele ya Ndanda kwa kama kilomita 40. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Ndanda misheni, na umkumbushe mkifika Nanganga.

Anayetoka Lindi mjini apande gari la Masasi linalopita Mnazi Mmoja. Akikosa, apande gari lolote linalofika Mnazi Mmoja na kubadilisha hapo. Magari ya kuelekea Masasi yanapita mchana kutwa. Anayetoka Dar es Salaam asisahau kwamba barabara ya Kibiti hadi Lindi ina udhaifu wakati wa mvua kubwa. Mei 2024 maji yaliikata eneo la Somanga na wasafiri wakakwama. Katika miezi ya mvua uliza hali ya barabara kabla ya kukata tiketi.

Nauli elekezi hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na orodha yake inapaswa kuonekana stendi. Itazame kabla ya kulipa.

Ukiwa na siku moja, nenda Ndanda peke yake. Ukiwa na siku mbili, shuka Nyangao asubuhi, endelea Ndanda mchana, lala hapo au Masasi, na asubuhi ya pili ndiyo iwe ya kupanda kwenye chanzo. Wengi hujaribu kubana misheni zote mbili katika siku moja wakitokea Mtwara, na huishia kuona mageti mawili.

Hatua ya tano: vitu vya kubeba

Viatu vilivyofungwa vyenye soli inayoshika, maana kingo za mifereji huota ukungu wa kijani na huteleza. Maji ya kunywa, kofia, daftari na kalamu ya risasi. Ndoo ya lita 20, ya plastiki nyepesi. Chungwa moja au mawili. Futi kamba. Mpira mwembamba unaoonekana ndani, ule ambao mafundi ujenzi hupimia levo, yaani usawa. Saa yenye sekunde, na ya simu inatosha. Fedha taslimu kidogo, maana kwenye vilima mtandao wa simu hukatika na malipo hugoma.

Wanawake watakaovaa kanga au gauni pana waje na suruali au taiti ya kuvaa ndani, na kamba ya kubana nguo kiunoni. Sababu nitaieleza tukifika kwenye chumba cha mashine.

Hatua ya sita: getini

Ingia kwa utulivu, ondoa kofia, jitambulishe, toa nakala ya barua. Mkatoliki atasalimia “Tumsifu Yesu Kristo” na kujibiwa “Milele, amina”. Mwislamu, na Kusini sisi ni wengi, hana haja ya kubabaika: “Hodi, shikamoo Padre” au “shikamoo Sista” ni heshima tosha. Mtawa wa kiume asiye padre huitwa Bruda. Uliza jina la kazi yake na umwite hivyo, hasa akiwa fundi. Mafundi hawa wamebeba elimu ambayo haijaandikwa popote.

Picha za wagonjwa na za watawa wakiwa kwenye sala, hapana kabisa. Picha za mitambo, uliza kwanza.

Hatua ya saba: panda hadi kwenye chanzo, kisha shuka na maji

Mwombe mwongozaji awapeleke juu kwanza. Huenda akashangaa, kwa sababu wageni wengi hutaka mashine. Mweleze sababu.

Juu kabisa angalia mahali maji yanapokusanywa: ukuta mdogo, tangi au kidimbwi. Tafuta wavu wa kuzuia majani, na mlango wa kufungulia tope. Wavu huo ni kazi ya kila siku. Jani moja halina neno, majani ya usiku mmoja wa upepo yanaweza kuzima mtambo. Msiingie humo ndani, msioge, msinawe. Maji hayo yananywewa huko chini.

Kisha fuateni mfereji. Mfereji uliojengwa vizuri haushuki kwa kasi. Unatambaa ubavuni mwa mlima karibu kama umelala, ili usipoteze kimo. Maji yanayokimbia ndani ya mfereji ni nguvu inayotupwa. Wekeni chungwa majini mwone linavyosafiri polepole.

Mwisho wa mfereji kuna tangi au bomba kubwa linaloteremka moja kwa moja. Hapo ndipo kimo kilichohifadhiwa kwa uvumilivu hutumika chote kwa mara moja. Simameni pembeni ya bomba, wekeni kiganja juu yake. Mtahisi ubaridi na mtetemo mwembamba usiokatika. Wanafunzi waliokwisha kufundishwa “nishati tuli” ubaoni wanakutana nayo kwenye ngozi.

Mkiwa njiani, ulizeni swali ambalo vitabu vingi hulikwepa: nani alichimba? Enzi za Wajerumani kulikuwa na kodi ya kibanda tangu mwaka 1898, na asiye na fedha aliilipa kwa jasho. Kwingine watu walilipwa ujira, kwingine waumini walijitolea, kwingine ilikuwa shuruti. Msibebe jibu kutoka nyumbani. Muulizeni fundi, waulizeni wazee wa kijiji, andikeni wanavyosema kama walivyosema.

Hatua ya nane: pimeni nguvu ya maji wenyewe

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ni rahisi.

Kwa maji yanayotoka kwenye bomba dogo au yanayodondoka, kingeni ndoo ya lita 20 na mhesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 4, maji ni lita 5 kwa sekunde. Rudieni mara tatu mchukue wastani.

Kwa mfereji, ndoo haitoshi. Pimeni mita 10 za mfereji ulionyooka. Tupeni chungwa mwanzoni, mpime sekunde mpaka lifike mwisho. Tuseme limetumia sekunde 20: mwendo wa juu ni nusu mita kwa sekunde. Maji ya chini na ya pembeni huenda taratibu zaidi, kwa hiyo zidisheni kwa 0.8, mpate 0.4. Pimeni upana na kina. Upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 20 hufanya mita za mraba 0.08. Zidisheni 0.08 kwa 0.4: ni mita za ujazo 0.032 kwa sekunde, yaani lita 32 kila sekunde.

Sasa kimo, yaani urefu ambao maji yanaushuka. Kama bomba lina geji ya presha chini, kazi imekwisha: kila baa 1 ni karibu mita 10 za kimo. Geji ikisoma baa 3 maji yakiwa yamefungwa, tangi liko juu kwa kama mita 30. Mwombeni fundi afungue maji mwone mshale unavyoshuka. Tofauti hiyo ni nguvu inayoliwa na msuguano ndani ya bomba, pamoja na ile iliyogeuka kuwa mwendo wa maji. Pasipo na geji, ujazeni maji ule mpira wa levo, mpime tofauti ya urefu kila mnaposhuka hatua, kisha mjumlishe.

Hesabu yenyewe: lita kwa sekunde, zidisha kwa kimo cha mita, zidisha kwa 9.81. Jibu ni wati. Lita 5 kwa mita 30 ni karibu wati 1,470. Hakuna mashine inayochukua zote. Mkikadiria asilimia 60, zinabaki karibu wati 880. Zinatosha taa, redio na kuchaji simu. Haziwezi kuzungusha mashine ya kusaga ya mtaani kwenu, ambayo mota yake mara nyingi ni ya nguvu ya farasi 10 hadi 20, yaani wati 7,500 hadi 15,000. Kwa kimo hicho cha mita 30, mota ndogo kabisa kati ya hizo ingehitaji karibu lita 42 kila sekunde, zaidi ya ndoo mbili. Mwanafunzi akishaifanya hesabu hii mwenyewe, hataamini tena kirahisi anayemwambia kwamba kila kijito kinaweza kuwasha kijiji.

Hatua ya tisa: chumba cha mashine

Kabla ya kuingia: vua kanga au ibane kwa kamba, funga mtandio, ingiza shati ndani, vua tai, fungeni nywele ndefu. Shafti inayozunguka hukamata kitambaa na kuvuta mwili mzima kabla mtu hajapiga kelele. Mkanda wa zamani usio na kinga ni vivyo hivyo. Watoto wadogo wabaki mlangoni wakishikwa mkono. Fundi akisema “hapa msivuke”, mwalimu awe wa kwanza kurudi nyuma.

Ndani, tambueni aina ya mtambo. Gurudumu kubwa la mbao au chuma lililo wazi ndilo la kale zaidi. Linaweza kusukumwa na maji yanayopita chini yake, au kujazwa kutoka juu kwenye visanduku vyake. Mhandisi Mwingereza John Smeaton alipima jambo hili mwaka 1759 akaonyesha kwamba gurudumu la kujazwa juu hutoa takriban mara mbili ya lile la kusukumwa chini, kwa maji yaleyale. Baadaye zikaja tabo, ndogo kwa umbo lakini kali. Ile ya vikombe viwiliviwili vinavyopigwa na mchirizi mwembamba wa maji ni ya Pelton, Mmarekani aliyeipatia hataza mwaka 1880. Huhitaji kimo kikubwa na maji kidogo. Ile yenye umbo la pipa lenye mapanga marefu, maji yakipita katikati yake, ni ya mtiririko mkatano. Kampuni ya Ossberger ya Ujerumani iliipatia hataza mwaka 1933, na inapendwa sana na mitambo midogo kwa sababu inasamehe maji yanayopandashuka.

Someni bamba la chuma lililopigiliwa kwenye mashine. Huwa lina jina la kiwanda, mwaka, kimo, wingi wa maji na mizunguko kwa dakika. Linganisheni na vipimo vyenu. Hakuna karatasi ya mtihani inayoweza kutoa swali zuri kama hilo.

Zimeni simu kidogo msikilize. Mtambo wenye afya una sauti moja. Sauti ikipanda na kushuka, kuna hewa kwenye bomba au majani kwenye wavu, na fundi mzoefu huijua kabla hajainuka kitini.

Hatua ya kumi: mawe ya kusagia

Popote penye historia ya kinu, angalieni chini. Mawe ya zamani mara nyingi hugeuzwa ngazi, benchi au ukingo wa bustani ya maua. Jiwe la kinu ni duara nene lenye tundu katikati. Likiwa na alama za chuma tundu lilipo, lilikuwa jiwe la juu, linalozunguka. La chini halisogei. Nafaka huingia kwa tundu, na mifereji iliyochongwa usoni huisogeza kuelekea ukingoni huku ikikatwa kama kwa mkasi. Karibu na tundu mawe yameachana kidogo, ukingoni nafasi ni nyembamba kama karatasi. Pitisheni kidole kwenye mifereji hiyo. Ikiwa bado ina makali, jiwe lilichongwa upya muda mfupi kabla ya kuachwa. Ikiwa imelainika, lilisaga hadi likachoka. Kuchonga huko kwa tindo na nyundo kulikuwa kazi ya kurudiwa maisha yote ya kinu.

Mawe yakikosa nafaka katikati hugusana, na cheche huruka. Unga ukitoka wa moto umeungua na hautakaa. Msagaji mzuri aliukamata unga kati ya kidole gumba na cha shahada, akaupima kwa ngozi, kisha akainua au kushusha jiwe kidogo. Unga wa mawe ni dona, una kila kitu cha punje ndani yake. Sembe nyeupe tuliyoizoea inatoka kwenye mashine ya kukoboa kwanza.

Hatua ya kumi na moja: kaeni na anayejua kutwanga

Msiondoke Ndanda bila hili. Kupitia mwenyeji wenu, ombeni bibi au mama wa kijijini awaonyeshe kinu na mchi, na mumlipe kwa muda wake. Usafirishaji wa nguvu kwa mkanda na gia hauna maana kwa mtoto asiyejua nguvu hiyo ilitoka wapi kabla.

Mahindi hunyunyiziwa maji, hutwangwa hadi ganda litoke, hupepetwa kwa ungo pumba ziruke, hulowekwa, hutwangwa tena, huchekechwa, chenga hurudishwa kinuni, na unga huanikwa. Makopa ya muhogo hutwangwa na kuchekechwa pia. Kila kijana ashike mchi kwa dakika tano. Wapime muda: pishi moja imechukua dakika ngapi hadi unga? Kisha wapite kwenye mashine ya kusaga ya mtaa, wapime debe moja. Hapo wataona ni nani hasa aliyepumzishwa na mashine, na ni saa ngapi za siku yake zilizorudi mikononi mwake.

Mwulizeni bibi: kabla ya mashine, unga wa harusi ulitwangwa na nani? Mashine ya kwanza aliisikia wapi, na ilikuwa ikisukumwa na nini? Walilipa kwa fedha au kwa kuacha sehemu ya unga? Walioishi juu uwandani walitembea umbali gani kufuata maji? Vijana wakae chini, wasimzunguke wakiwa wamesimama na simu mikononi.

Chakula, malazi na afya

Chakula kinapatikana barabarani Ndanda na Mtama: wali, ugali wa muhogo, samaki, maharage. Malazi yapo, na Masasi yako mengi zaidi. Laleni ndani ya chandarua, malaria ipo. Msiogelee kwenye madimbwi yaliyotuama, kichocho kipo pia. Mkiumia, hospitali ziko palepale, Ndanda na Nyangao, ila hilo lisiwafanye wazembe kwenye ukingo wa mfereji.

Kwa anayetaka kuendelea

Ukipata hamu, njia iko wazi kuelekea Songea. Peramiho ni abasia ndugu ya Ndanda. Mkoani humo Ruvuma, Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole wamejenga mtambo wa Tulila wa megawati 5, uliozinduliwa mwaka 2015. Kukiona kijito cha Ndanda kwanza, kisha Mto Ruvuma ukifanya kazi ileile Tulila, ni somo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa Kusini alipate.

Mkirudi nyumbani

Ndani ya wiki moja andikeni barua ya shukrani, na mwambatishe nakala ya vipimo na picha zenu. Wenyeji wengi hawapati kuona kilichopatikana kutokana na muda waliotoa, na vipimo vya maji ni kitu ambacho fundi atakitumia kweli. Masimulizi ya wazee yaandikeni pamoja na jina la kijiji na tarehe, na mtunze nakala maktaba ya shule. Jina la mzee liandikwe akiwa ameridhia. Kila kipimo kiwe na mwezi na mwaka kando yake, ili darasa litakalokwenda Oktoba liweze kukilinganisha na kile cha Julai katika daftari hilohilo.